Mama Magofu Anatuachia Kanisa Lisilo na Paa

Tarehe 30 Juni, mwenzetu tunayemwita Mama Magofu anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwatembeza wageni katika magofu ya kanisa na nyumba ya watawa iliyojengwa enzi za ukoloni. Kamati ya kumuaga imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake kwa kuwa nimefanya naye kazi kwa muda mrefu kuliko wote. Haikuniuliza kama namwonea wivu. Namwonea, tena sana, na huu ni mwaka wa kumi na tisa.

Alianza kama mfagiaji. Siku moja basi la walimu lilifika, na mwongoza wageni alikuwa mgonjwa. Akaegemeza ufagio ukutani, akawatembeza yeye. Mwaka uliofuata walimu walirudi wakimwulizia mfagiaji.

Mimi nilikuja na cheti. Nilijua mnara ulijengwa mwaka gani, na jina la kila padre nililitaja bila kushika karatasi. Wageni wangu walinisikiliza kwa adabu huku shingo zimegeukia kundi lake, kulikojaa vicheko. Mzee mmoja aliniomba ruhusa aende msalani. Baadaye nikamwona amesimama mbele kabisa kwa Mama Magofu. Nilifika mahali nikajibanza nyuma ya ukuta kumsikiliza. Hakusema lolote nisilolijua, ila alisimulia vyumba vya watawa kana kwamba ni nyumba ya shangazi yake.

Mwaka wa mvua kubwa alifunga ushoroba wa mashariki kwa kamba, meneja akafoka kwamba anafukuza wageni. Siku ya tatu ukuta ukaporomoka. Hakuumia hata mtu mmoja. Tukampigia makofi, na mimi nikapiga, lakini kwa vidole tu.

Kilichoniuma zaidi kilitokea katika chumba cha kufulia. Vitabu vya watawa vimewataja masista wote, hata mbuzi wao, lakini waliowafulia wameandikwa tu "wanawake wanane". Mama Magofu alitumia Jumamosi zake kwa miaka minne kutafuta majina yao, nyumba hadi nyumba. Asubuhi moja niliingia na kundi langu, nikakuta ubao mpya ukutani. Jina la nane lilikuwa la bibi yangu mzaa mama.

Sikuwahi kujua. Jioni nilimkuta bibi anakunja nguo, nikamvaa bila hata kukaa.

"Bibi, mbona mambo haya umempa mtu baki?"

Hakuniangalia. "Yeye aliniuliza," alisema. "Wewe ukija hapa unanieleza habari za mapadre."

Nilikaa wiki nzima bila kumsalimia Mama Magofu. Nilikuwa na hasira naye kwa sababu sikuthubutu kuwa na hasira na nafsi yangu. Yeye hakuuliza kisa. Siku ya nane alifika na wageni kwenye chumba kile, akaniita mbele yao: "Hapa si mahali pangu kusema. Huyu ni mjukuu wa mmoja wao." Kisha akarudi nyuma, akasimama miongoni mwa wageni. Sikuwa na tarehe wala vipimo. Nilieleza mikono ya bibi yangu tu, jinsi ilivyo na vidole vilivyopinda, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyegeuza shingo.

Kabla bibi hajafariki tulimleta aone karo alilokuwa akifulia. Alitembea katikati yetu, ameshika mkono wangu na wa Mama Magofu. Naapa aliegemea zaidi upande wa pili.

Waongoza wageni sita waliopo leo wamepita mikononi mwake. Mimi wa saba, ingawa nimechelewa kukiri. Tunamshukuru kwa miguu yake isiyochoka, kwa sauti yake, na kwa majina manane ambayo bila yeye yangepotea.

Mama, nenda kapumzike. Mungu akujalie afya, wajukuu watundu, na asubuhi zisizo na honi ya basi. Na ukitaka kututembelea, karibu sana, ila nakuomba uje siku yangu ya mapumziko. Wageni wakishakuona mlangoni, mimi nitabaki naongea na kuta.