Siku Kumi na Moja za Kuhesabu Mto

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu mpya,

Sisi wafanyakazi wa ofisi ya kupima maji ya mto tunakukaribisha kwa mikono miwili. Wenzangu wamenichagua mimi mfagizi nisome, kwa kuwa ndimi mkongwe wao. Nikikwama mahali, mnivumilie.

TULIKOTOKA
Kompyuta zetu ni kumi na tisa, kila moja na mwenyewe. Mashine kubwa ya mahesabu hatuna. Ndipo binti yetu mtaalamu wa mafuriko akaigawa hesabu yake vipande, kila kompyuta ikabeba chake wakati mwenyewe yuko chakulani au mkutanoni. Mwenyewe akigusa tu kibodi, kipande humpisha, kikaenda kutafuta kompyuta nyingine iliyo huru.

TULIVYOZOEANA
Mwanzoni nilikuwa nafuta vumbi kwenye kibodi saa ya chakula, na kila niliyoigusa ilidhani mwenyewe karudi.

"Bibi, umenifukuzia hesabu yote," binti akaniambia. Hakunigombeza. Alinivutia kiti, akanionyesha.

Siku hizi nafuta asubuhi, kabla watu hawajaketi. Karani wa masjala hunywa chai yake amesimama ukumbini. Mhasibu akirudi huchungulia mlangoni: "Bado inahesabu? Haya, nipo nje." Hakuna aliyewaagiza.

KINACHOTUSUMBUA
Vipande hivyo husubiriana. Kimoja kikikosa pa kukaa, vyote husimama. Sasa agizo lako la kuokoa umeme linasema kuanzia Jumatatu kompyuta isiyo na mtu mbele yake izimwe. Nia yake ni njema, tumeielewa. Lakini hesabu imebakiza siku kumi na moja, nayo ndiyo itakayosema nyumba zipi za bondeni zihame kabla ya mvua. Wenzetu wawili wanaishi huko. Wajukuu zangu wanne pia.

TUNACHOOMBA
Siku hizo kumi na moja tu. Zikiisha, kompyuta nitazizima mwenyewe kwa mkono wangu, moja baada ya nyingine.

Mungu akujalie afya, na kazi yako mpya ikukalie vizuri. Chai iko tayari, ila tunakuomba usiinywe kwa haraka. Kompyuta ya ofisini kwako, aliyekutangulia aliiunganisha na zetu. Ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na binti ananionyesha kwa vidole kwamba tangu ulipoketi nasi hapa imeshamaliza vipande vitatu.

Ni sisi wako,
Wafanyakazi wa Ofisi ya Kupima Mto