Harlan Zerbe na Majina Kumi na Tisa

Ndugu waombolezaji, mimi ni Trudy, binti mkubwa wa marehemu, familia imeniteua nisome haya, na nawaonya mapema kwamba nitacheka, maana maisha ya baba yangu hayasomeki kwa huzuni tupu.

Harlan Zerbe alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 hapa Kettle Run, Pennsylvania, akiwa mtoto wa tatu wa Amos na Edna Zerbe, akahitimu sekondari mwaka 1966, akaendesha lori la maziwa kwa miaka arobaini na mmoja, na wiki ileile aliyoajiriwa akajiunga na kikosi chetu cha zimamoto cha kujitolea, kazi isiyo na mshahara, ambayo mama alikuwa akiiita mke mwenza.

Alifunga ndoa na mama yetu, Marlene, tarehe 12 Juni 1971, katika kanisa hili hili, king'ora kikalia wakati wa kukata keki, bwana harusi akaondoka na suti yake, akarudi ananuka moshi, na Mungu akawajalia watoto wawili, mimi na mdogo wangu Curtis.

Mwaka 1989 alichaguliwa kuwa mkuu wa kikosi, na hapa niseme kosa lake, kwa kuwa alilisema mwenyewe: aliwaandikisha watoto wa kiume wa wazimamoto tu, akawaoshesha mipira ya maji mwaka mzima kabla ya kuwagusisha moto, wakachoka, wakaondoka, hata kikosi kikabaki na watu saba. Tarehe 14 Novemba 2015, saa tisa alasiri, king'ora kililia, kila mmoja akiwa kazini kwake akadhani wenzake wanakwenda, baba akakaa peke yake ndani ya gari la zimamoto dakika kumi na moja akingoja wenzake, na ghala la mkulima Wengert likateketea na ng'ombe kumi na wanne. Wilaya ikatuandikia: mwisho wa Juni muwe kumi na wawili, la sivyo kituo kinafungwa.

Baba alilia, jamani, mimi nilimwona. Ndipo Dottie Fetterolf, dereva wa basi la shule, aliyekuwa na miaka hamsini na minane, akamfuata kwenye mlo wetu wa nyama ya nguruwe wa kuchangia kikosi, akamwambia mbele ya watu, "Wee Harlan, miaka yote unalia huna watu, mimi umeniomba lini?"

"Dottie, moto si basi!"

"Na lile gari la maji linajiendesha lenyewe?"

Akamwandikisha palepale! Dottie akaleta wanawake wanne, nao wakawavuta wengine, akamlazimisha pia kukubali programu ya simu inayoonyesha nani anakuja, na ilipofika Juni walikuwa kumi na tisa bila kumhesabu baba, kituo kikabaki wazi!

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2022. Tarehe 29 Septemba 2024, akiwa amelazwa, simu yake ililia, moto Barabara ya Kinu, naye akabonyeza "Ninakuja."

"Baba, unakwenda wapi na mirija yote hiyo?" nikamwuliza.

"Nyamaza, nahesabu."

Alihesabu majina yakitokea moja moja, hadi kumi na tisa bila lake, akafuta lake, akasema, "Wanatosha," akalala. Alifariki tarehe 3 Oktoba, saa mbili asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea chakula, na ninyi wenzake wa kikosi, ambao tunawaomba msizime simu zenu ibadani.

Baba, wanatosha kweli. Pumzika kwa amani.