Warigia na Herufi Zenye Kofia

Wasikilizaji wapendwa, jana tulimzika Warigia wa Mathenge kule Othaya, mvua ikitunyeshea. Warigia alikuwa mpiga taipu. Nasema tena, mpiga taipu, hapa mjini Nyeri. Wakubwa hawakuja. Wakubwa huja kuzika wakubwa wenzao.

Kwa miaka mingi Warigia alizunguka Karatina, Sagana, hadi Mwea, akiwasikiliza akina mama waliofungiwa vijijini wakati wa hali ya hatari, ile ya mkoloni miaka ya hamsini. Walisema kwa Kikuyu, naye akaandika kwa Kikuyu. Sasa, Kikuyu kina i mbili na u mbili. Moja iko kichwa wazi, nyingine imevaa kofia. Ukiivua kofia, neno limeharibika, ama limekuwa neno lingine. Enzi za taipu, Warigia alizichora kofia hizo kwa kalamu, moja moja. Kompyuta ya kwanza ilipofika kiwandani kwao, kiwanda kidogo cha uchapishaji, fundi alimwekea herufi zenye kofia. Warigia akaingiza kitabu kizima, na zile karatasi za taipu zikaja kuliwa na mchwa.

Mwaka wa themanini na tisa ikaja kompyuta nyingine, ya ufadhili, ya aina tofauti. Ilibidi mafaili yahamishwe kutoka ile ya zamani. Warigia aliyahamisha mwenyewe. Akafungua ukurasa wa kwanza: safi! Hakuna hata herufi moja iliyopotea. Kwa furaha akazifuta diski za zamani, maana kiwanda kilizitaka kwa kazi ya kadi za harusi.

Lakini ukurasa wa kwanza ulikuwa dibaji, na dibaji aliiandika kwa Kiswahili, ili nchi nzima imwelewe. Kiswahili hakina kofia. Kilivuka salama. Ukurasa wa pili ulikuwa wa Kikuyu. Kila palipokuwa na kofia, iwe ya i, iwe ya u, palisimama alama ya kuuliza. Hata jina la mji wetu, ambalo kwa Kikuyu ni Nyĩrĩ, likawa: N, Y, alama ya kuuliza, R, alama ya kuuliza.

Mkubwa wake, mzee Hezekiah, alicheka. "Mama, ati hata mashine imeshindwa na Kikuyu ya Othaya! Weka tu i na u za kawaida, watu watajisomea."

"Sasa mzee, ni gani ilikuwa i, na ni gani ilikuwa u?"

"Si ni lugha yako? Wewe ndiye unajua."

Alijua, ndiyo. Maneno mengi aliyarudisha kwa mkono, mwaka baada ya mwaka. Ila sentensi moja ya Ngendo wa Karatina ilimshinda. Ngendo alisema kwamba bwana yake akiwa kizuizini, walinyang'anywa, halafu neno moja, na sentensi ikaishia hapo. Mũgũnda ni shamba. Mĩgũnda ni mashamba. Mashine iliandika m?g?nda. Lilichukuliwa shamba moja, ama yalichukuliwa yote? Warigia alikuwa amesikiliza wengi mno. Hakukumbuka.

Akamrudia Ngendo. Uzee ulikuwa umeshachukua akili. "Cũcũ, nyanya yangu, walichukua shamba moja ama mengi?"

Ngendo akamtazama. "Si wewe ndiye uliandika? Mbona unaniuliza mimi?"

Hezekiah akasema, "Andika moja, tuchape, tumalize."

"Nikiandika moja na yalikuwa mengi, nitakuwa nimewanyang'anya mara ya pili."

Kitabu hakikuchapwa. Ngendo akafa. Dada yake Warigia, Wachuka, aliniambia jana kaburini: "Alikuwa anaosha vyombo, anasimama tu, maji inamwagika. Namwuliza, 'Ni nini?' Ananiambia, 'Ni yule mama wa Karatina. Hajanijibu.'"

Tumejitawala tangu sitini na tatu. Walionyang'anya wanajua vizuri sana kama ni moja ama ni mengi, wameshazungushia seng'enge. Kompyuta za kupima kahawa yetu zililetwa haraka. Ya kuandika vilio vyetu, nani aliiagiza? Na Warigia amekufa akijilaumu yeye.

Wachuka, na nyumba yote ya Mathenge, poleni. Nimetafuta neno la kuwapa moyo, nimelikosa. Nawe unayenisikia, jiulize: mama yako alinyang'anywa nini, na nani mwingine anajua?

Nilitaka kuwasomea ile sentensi ya Ngendo kama Warigia alivyoiacha. Tangu asubuhi najaribu. Nikifika kwenye lile neno, sijui niseme nini.