Moffat Theuri Mathenge (1955–1978), Aliyerudishwa kwenye Milango Miwili

Marehemu Moffat Theuri alikuwa kifungua mimba wa Mzee Mathenge Theuri na Mama Monicah Murugi wa Tetu, Nyeri. Alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Machi 1955, katika kijiji kilichozungushiwa handaki wakati wa hali ya hatari. Mama yake alikuwa bado anachimba handaki hilo siku mbili kabla ya kumzaa.

Alisoma shule ya msingi hapa Tetu tangu 1962, kisha sekondari, akamaliza kidato cha nne mwaka 1972 na kupata daraja la pili. Hesabu hakuipenda. Alichopenda ni kutazama nyuso za watu.

Mwaka 1973 aliajiriwa na Bwana Salim, mwenye studio ya picha mjini Nyeri. Wengi mlio hapa mna picha za arusi alizopiga yeye. Hakubonyeza kamera mpaka mtu acheke. Siku moja baba wa bibi arusi alisimama amekunja uso kama mbele ya polisi anayekagua kitambulisho. Theuri akatoa kichwa kwenye kitambaa cheusi akamwambia, "Mzee, hii ni ya arusi, si ya kipande." Mzee akacheka mpaka kofia ikaanguka, na picha hiyo iliwekwa kwenye dirisha la studio miaka miwili.

Mwaka 1975 alianza kusikia sauti zikimtukana. Hakumwambia mtu. Alianza kunywa chang'aa na kuvuta bangi ili zinyamaze, na sisi tukaona ulevi tu. Aliyeona yote mawili ni Bi Saumu, muuguzi wa Majengo aliyekuwa akisimamia kliniki ya Alhamisi ya wagonjwa wa akili. Alimwambia mama yetu, "Mama Theuri, usimpeleke huku na huku. Sauti zinamsumbua, anakunywa. Akinywa, zinazidi. Tutashika yote pamoja, hapa hapa." Theuri alipofika amelewa, Bi Saumu alimpa chai, akamngoja, akamdunga sindano yake, akamuuliza bila ukali amekunywa kiasi gani wiki hiyo. Kiasi kilipungua. Baadaye kikaisha.

Akiwa mzima namna hiyo alimwoa Ngendo, tarehe 18 Desemba 1976. Binti yao, Murugi, alizaliwa Oktoba iliyofuata. Theuri alimpiga picha kila Jumapili.

Januari mwaka huu Bi Saumu alihamishwa kwenda Wang'uru. Mahali pake akaja Bwana Kingori. Majina tunayataja, kwa sababu yeye alilitaja la Theuri mbele ya foleni nzima. Utaratibu wake mpya ulikuwa kwamba kabla ya faili kufunguliwa, mgonjwa ainame dirishani apumue. Februari Theuri alikuwa ameonja pombe wiki hiyo, baada ya kukosa sindano mara moja.

"Huyu ananuka. Hapa ni hospitali, si baa."

"Daktari, ni mgonjwa," mama akasema.

"Mgonjwa wa chupa. Akiacha, mlete."

Akaandika MLEVI kwenye kadi kwa wino mwekundu.

Mama akampeleka kwenye nyumba ya kuacha pombe ya kanisa letu, kwa Mzee wa kanisa Ngatia. Pale kila anayeingia huapa kuacha kila kilevi na kumwaga alichonacho mbele ya ndugu. Theuri hakuwa na chupa. Alikuwa na vidonge vya kliniki vilivyobaki. Mzee Ngatia akasema, "Hata hivi ni vya kulevya. Mtu akishaokoka anameza vidonge vya nini?" Wakavitupa chooni huku wakiimba. Pasaka, mdogo wake alikuja kutoka chuo kikuu, akamwona hanywi wala hamezi kitu, akampa mkono akampongeza. Huyo mdogo ndiye anayesoma karatasi hii. Jina lake, Gatimu, liandikwe pamoja na hayo mawili.

Kufikia Juni sauti zilikuwa zimerudi, na chang'aa ikarudi nazo. Mzee Ngatia alimtoa kwenye nyumba ile, akasema mwenda wazimu ni wa hospitali. Alhamisi, tarehe 13 Julai, Theuri alikwenda kliniki mwenyewe, kwa miguu. Waliokuwa kwenye foleni wanasema alipiga magoti dirishani akaomba adungwe. Aliambiwa apumue. Ijumaa asubuhi wachuma chai walimkuta kando ya barabara ya kurudi nyumbani, amekufa kwa baridi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Jumanne Mzee Ngatia alifika kwetu na wenzake wawili. "Andikeni homa ya mapafu," akasema. "Mkiandika hivyo, kanisa litamzika na kwaya itakuja." Mama akainuka, akamfungulia mlango. "Mtoto wangu hakuwa na homa, mzee. Gatimu, soma tu vile umeandika."

Ndiyo maana leo hakuna kwaya, na mchungaji hayupo. Shada la maua la Bwana Kingori lililetwa jana. Tumelirudisha na kulitundika kwenye dirisha lake. Kadi yenye wino mwekundu hatuiziki. Jumatatu itakwenda Wizarani Nairobi pamoja na nakala ya karatasi hii na majina ya watu kumi na mmoja waliokuwa kwenye foleni, ambao wote wamekubali kutia sahihi. Tutadai Bi Saumu arudishwe. Wasipojibu tutakwenda wenyewe, na tutasimama pale mlangoni mpaka watuone.

Marehemu ameacha mke, Ngendo. Binti, Murugi, wa miezi tisa. Wazazi, Mathenge na Monicah. Ndugu, Gatimu na Magdaline. Na mwajiri wake Salim, aliyelia kuliko sisi sote.

Yeye na apumzike kwa amani. Wenye majina yale matatu wasiipate mpaka wajibu.