Mzee Hodi, Baba wa Watoto Watano

Kabla ya kutaja siku aliyozaliwa marehemu, kuna jambo la kunyoosha. Tangu msiba huu utangazwe, baadhi ya watu wamekuja nyumbani kutoa pole huku macho yao yakipima pua na masikio ya watoto wetu. Wapo wanaosema marehemu alizaa nje ya ndoa. Wapo wanaosema mmoja wa watoto wetu aliokotwa mtaani. La kwanza ni uongo, na aliyelianzisha anajijua. Hata uchungu wake wa msiba haukumzuia kuongeza chai mara tatu. La pili limekosea hata lugha, maana kinachookotwa ni kuni. Kaka mkubwa wa marehemu, shemeji yangu ninayemheshimu, aliomba ratiba ya leo iwe na orodha mbili, moja ya watoto wa kuzaa na moja ya mtoto wa kulea, "ili ukoo ujue." Ratiba mnayo mikononi. Orodha ni moja. Anayewasomea ni mpwa wa marehemu, lakini maneno ni yangu mimi mjane wake, naye ameahidi kutoyapunguza.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Juni 1952, katika nyumba ya tatu nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili wa mfua vyuma wa karakana hiyo na mkewe aliyekuwa fundi cherehani. Mama mkwe wangu alisimulia kwamba alizaliwa kimya, akatazama chumba kizima, ndipo akalia, kana kwamba alitaka kwanza kujua nani yupo.

Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1959. Darasa la sita alikabidhiwa kazi ya kupiga kengele, na muhula huo wote somo la mwisho lilikuwa fupi kuliko sala ya kushukuru chakula. Mwalimu mkuu aliponunua saa ya mkononi, muujiza huo ulikoma na kengele ikapata mpigaji mwingine. Aliendelea na sekondari, kisha chuo cha ualimu, alikohitimu Novemba 1974. Alifundisha hesabu kwa miaka kumi na miwili, na wanafunzi wake wengi wapo hapa. Wanaweza kushuhudia kwamba hakuwahi kumpiga mtoto kwa kukosa jibu. Alimwambia tu, "Rudi nyuma, mwanangu, utafute mahali ulipopotea."

Tulikutana katika semina ya walimu. Yeye alikuwa wa msingi, mimi wa sekondari, na baba yangu alikuwa mkaguzi wa shule, mtu asiyetabasamu bila sababu ya maandishi. Siku ya posa alimuuliza, "Kijana, una nini?"

"Nina cheti, mzee, nina baiskeli, na nina nia njema."

"Baiskeli nimeiona. Haina breki."

"Ndiyo maana nimefika haraka."

Baba alitabasamu. Tulifunga ndoa kanisani Jumamosi tarehe 16 Desemba 1978, tukaishi pamoja karibu miaka arobaini na mitano. Hatukuwahi kulala bila kusemezana, ingawa kuna siku tulisemezana sana. Nyumba ndogo hakuwa nayo. Hii kubwa yenyewe ilimshinda kupaka rangi.

Januari 1987 aliacha shule na kujiunga na shirika la Kikristo linalohudumia watoto wa mitaani na familia zao. Ofisi ilikuwa vyumba vitatu nyuma ya kanisa: kimoja cha kuogea na kufulia, kimoja cha kulia na kujifunza kusoma, na kimoja cha mkurugenzi, ambaye alikuwa mchungaji, na meza yake iliyoegemezwa ukutani isianguke. Watoto walikuja asubuhi wakitoka kulala barazani mwa maduka na nyuma ya stendi. Wengi walikuja kwa ajili ya uji na sabuni. Marehemu aliwauliza swali ambalo wengine hawakuwa wakiuliza: "Kwenu nani anapika?" Aliamini kwamba mtoto anayekumbuka mpishi bado ana mlango wa kurudia.

Kazi yake ikawa kuitafuta milango hiyo. Alikwenda kwanza peke yake, bila mtoto na bila zawadi, akasimama nje na kupiga hodi mpaka aitikiwe. Ndiyo maana mji mzima ulimwita Mzee Hodi, akiwa bado na nywele nyeusi. Akikaribishwa aliomba maji ya kunywa, kisha akatazama ni nani anayeinuka kuyaleta na wengine wanamtazamaje. Kwa hayo alijua kama nyumba ina ugomvi, ulevi, au ufukara tu. Kuna alikopewa maji akanywa, na kuna alikomwagiwa. Alirudi kote. "Aliyekumwagia maji," alisema, "angalau amefungua mlango."

Lakini alikosea, na kosa lake moja alipenda kulisimulia mwenyewe kuliko sifa zake zote. Mwaka wa kwanza alimrudisha mtoto mmoja kwa mama yake, mjane mwenye watoto wanne, akiwa amevalishwa sare mpya na viatu vyeusi vya kamba. Mama alilia kwa furaha, mchungaji akaomba, kila mtu akaondoka ameridhika. Wiki iliyofuata ndugu zake watatu wakasimama kwenye lango la shirika, safi kabisa, nywele zimechanwa.

"Mnamtafuta nani?" marehemu akawauliza.

"Wewe. Na sisi tumetoroka."

"Lini?"

"Leo, baada ya chai."

"Mmepigwa?"

"Hatujapigwa. Mwenzetu alitoroka akapata viatu. Sisi tuliobaki tunamchotea mama maji tumepata nini?"

Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani. Marehemu alirudi nyumbani bila hamu ya kula. "Mama watoto," aliniambia, "nimemtunza mtoto kwa kumwacha mama yake." Kesho yake aliwarudisha wote watatu, akakaa na yule mama mchana kutwa wakizungumza habari ya cherehani yake iliyovunjika sindano na gurudumu. Ikatengenezwa. Tangu hapo shirika halikumvisha mtoto mmoja likawaacha ndugu zake pekupeku. Msaada ulianza kwa anayepika: mtaji wa genge, kodi ya chumba, kazi kwa baba aliyeacha pombe, shule kwa watoto wote wa nyumba. Yule mama ameketi safu ya pili leo. Kanzu wanazovaa wanakwaya amezishona yeye.

Si kila mlango ulifunguka. Watoto waliokosa kabisa pa kurudi walipata familia za kuwalea, kwa idhini ya ustawi wa jamii na mahakama. Hakuna mtoto aliyeingia nyumba yoyote kwa mkono wa marehemu bila kuingia kihalali.

Mwaka 1991 shemeji alirudi kutoka kazini ng'ambo ya mpaka, alikokaa miaka minane, akatukuta tumehamia nyumba mpya na tuna watoto watano mezani.

"Ndugu yangu," akasema, "barua yako ya mwisho ilisema wanne. Na huyu shemeji yangu, mkeo, hakuna aliyeniambia ana mimba."

"Mimba haingoji posta, kaka."

"Basi niambie, yupi ni yupi?"

"Aliyekwisha kunawa ndiye anayekula. Wewe umenawa?"

Shemeji alinawa, akala, akawagawia wote watano peremende sawasawa. Siku ile aliweza. Ninaamini hata leo anaweza.

Marehemu alistaafu mwaka 2014, kwa jina tu. Moyo ulianza kumsumbua Mei mwaka huu wa 2023. Alipolazwa, aligundua kwamba jirani yake wa kitanda hajasemezana na mwanawe kwa muda mrefu, na kabla ya Ijumaa mwana alikuwa ameketi pale akimmenyea baba yake chungwa. Muuguzi akamuuliza, "Mzee, wewe umelazwa au uko kazini?" Akajibu, "Binti yangu, nimelazwa kazini." Alifariki Jumatano tarehe 8 Novemba, mchana, watoto wote watano wakiwa wamezunguka kitanda, wakibishana kwa sauti ya chini ni nani atakayelala hospitalini. Aliwasikia. Alikuwa anatabasamu.

Juzi, mmoja wa watoto hao alinifuata jikoni. Alikuwa amesikia habari ya orodha mbili. "Mama," akasema, "kama itawatuliza watu, jina langu liwekwe mstari wake peke yake. Mimi sitaumia." Nilimwambia akae chini amenye viazi. Alimenya huku machozi yanamtoka, nami nilimkaripia kwa kumenya maganda mazito, kama ninavyowakaripia wote, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kujua kumenya kiazi.

Marehemu ameacha mjane, kaka mmoja, wajukuu kumi na mmoja, na watoto watano: mhasibu, muuguzi, fundi umeme, mwalimu na wakili. Wamepangwa kwa kimo, si kwa umri, kwa hiyo msihangaike na hesabu. Wote wanatumia jina lake. Wote watatangulia kutupa udongo, kwa pamoja, na hakuna atakayesogezwa nyuma.

Mungu aliyempa kazi ampe sasa kupumzika, na kwa amani.

Mmeniuliza ni yupi kati ya hao watano. Sisemi. Nisiulizwe tena, si leo makaburini, si kesho nyumbani.