Bi Mwanawema, Mikia ya Samaki wa Mpira na Ufunguo wa Karakana

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Kituo, wageni waalikwa na watumishi wenzangu,

Assalamu alaykum warahmatullah.

Madhumuni ya waraka huu ni kumuaga Bi Mwanawema Haidar, anayestaafu Alhamisi, tarehe thelathini Aprili, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, pamoja na kuwasilisha ombi moja litakalofuata kwa utaratibu wake.

Bi Mwanawema aliajiriwa kushona nyavu za utafiti. Kituo kilipoanza kuunda samaki wa roboti wa mpira laini, mwenye kamera ya kuhesabia samaki halisi huko kisiwani Makoongwe, hakuna aliyemfikiria yeye. Roboti yule alizunguka kushoto tu. Mhandisi Haroub aliiandika upya programu ya kumwongoza kwa siku kumi na tisa, na samaki akazidi kuzunguka. Bi Mwanawema akaubinya mkia kwa vidole viwili.

"Mwanangu Haroub, programu yako ni nzima. Samaki wako kanenepa ubavu mmoja."

Mkia ukapasuliwa. Kweli, ukuta wa kushoto ulikuwa mnene, hivyo haukuvimba sawasawa hewa ilipopulizwa.

Tangu hapo mikia yote huimimina yeye: mpira wa majimaji hushuka mwembamba kama uzi, huku akigonga kalibu, chombo kinachoupa mkia umbo, kwa mwiko ili mapovu yatoke. Samaki wake waenda kama samaki hai, hata Mzee Suhaib wa Makoongwe alimtoa mmoja katika dema lake la kutegea samaki, akamchukua nyumbani, kisha akaturejeshea kwa hasira: "Mke wangu keshakuna nazi, na huyu hata kisu hakimwingii!" Bi Mwanawema alimziba samaki mkwaruzo wa kisu, na Mzee Suhaib akampelekea changu wa kweli.

Mkia mmoja hudumu miezi miwili. Mimi, mtunza stoo, nathibitisha kuwa imebaki mikia miwili tu. Bi Samiha, anayerithi kazi hii, amekwisha kumimina sita, na yote yapinda. Bi Mwanawema mwenyewe hakuomba lolote, ila kwamba Samiha asikaripiwe.

Tunamshukuru kwa mikono yake na subira yake. Mwenyezi Mungu ampe afya, na mapumziko yasiyo na haraka.

Sasa ombi. Kanuni yamzuia mstaafu kuingia karakana. Twaomba aruhusiwe asubuhi mbili kwa wiki, hadi Samiha atoe mkia unaokwenda sawa.

Nimeagizwa kuupokea ufunguo wake Alhamisi, saa tisa alasiri. Naomba nijulishwe kabla ya saa hiyo: niupokee, au nisiupokee.

Wenu mtiifu,
Rajab Kificho
Mtunza Stoo