Kanga Nyekundu ya Bi Mize

Boti ya kwenda kisiwa cha Jibondo ilipoondoka Utende asubuhi, bahari ilikuwa shwari hata abiria tukaanza kusinzia. Bi Mize ndiye aliyetuamsha: mwanawe aliye Dar anataka kumletea mashine ya kufua na kukausha nguo, naye hajui akubali au akatae.

"Kubali, mama," alisema Angela, mwalimu mgeni kutoka Iringa, alikomwacha mumewe. "Hizi hazitumii maji mengi." Aliyasema hayo akiwa amekalia dumu la maji alilobeba kutoka mjini Kilindoni, maana kisiwani maji ni ya shida.

"Kufua sawa. Huko kukausha ndiko kunakonitia shaka. Mzee wangu akiwa baharini kuvua, mimi huanika kanga nyekundu. Akiiona kwa mbali anajua sote wazima. Sasa ikikaukia ndani ya mashine, ataona nini?"

"Si utampigia simu?"

"Simu huisha chaji, mwanangu. Kanga haiishi."

Angela akakitazama kijiji kikisogea na nguo zilizoanikwa zikipepea. Mwishowe akauliza taratibu, "Na kamba ya kuanikia ya nyumba za walimu, inaonekana kutoka huku baharini?"

Iringa alikobaki mumewe haina bahari, lakini nilimjibu tu kwamba inaonekana. Boti ikagusa mchanga.